Sitara ya Mja Mzito

Kwetu pwani mimba haitangazwi. Huonekana yenyewe siku zake zikifika, na hata ikishaonekana watu hulizunguka jambo kwa maneno: fulani hali yake nzito, fulani siku hizi hayuko peke yake. Mama mkwe anajua, mkunga anajua, shoga mmoja wa karibu anajua. Wengine watasikia vigelegele. Quionga nako ni hivyohivyo, kule kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado, Msumbiji, kabla hujaufikia mlango wa mto Ruvuma. Maji yakipwa wanawake huteremka kutafuta pweza na chaza, ndoo kichwani, kapulana, ndiyo leso yao, wameifunga juu ya kifua ikashuka mpaka kwenye muundi. Mwenye mimba ya miezi sita na asiye nayo wanafanana, mpaka mmoja wao ainame, kisha ashike kiuno kabla hajainuka. Hapo bibi aliye jirani naye huipokea ile ndoo bila kusema neno.

Jambo hilo lina jina: sitara. Wengi huidhani ni nguo tu, lakini mwenye kuitoa sitara hasa pale ufukweni si kapulana, ni yule bibi. Ameona, ameelewa, amesaidia, na amenyamaza. Kumsitiri mtu si kufumba macho usimwone, maana asiyekuona atakusaidiaje?

Nimekuwa nikiliwaza neno hili kwa sababu ya picha moja ya mwaka 2019. Februari ya mwaka ule Meghan, mke wa Prince Harry wa Uingereza, alikwenda Morocco mimba yake ikiwa kubwa. Huko Asni, chini ya milima ya Atlas, yeye na mumewe wakatembelea bweni la wasichana ambao bila ya nyumba ile wasingeweza kuendelea na masomo, kwa kuwa shule ya sekondari iko mbali na vijiji vyao. Msichana mmoja akamchora hina mkononi, kama ilivyo desturi ya kule kumtakia heri mwanamke aliyekaribia kujifungua. Mtu wa pwani akiiona hina ile moyo humtulia, anaijua. Ila katika miezi ileile, huko Ulaya, watu walikuwa wakibishana kwa nini mama huyo analishika tumbo lake kila mara. Wengine wakadai ni tumbo la bandia. Mabweni ya Asni yalipata mistari michache, mikono juu ya tumbo ikapata kurasa.

Naye Meghan hakuuanzia ubalozi kwenye kasri. Mwaka 2016, akiwa bado mwigizaji, alikuwa balozi wa hisani wa World Vision na alifika Rwanda kwa ajili ya maji safi ya vijijini. Safari ile wasomaji wa kwetu hawakuisikia sana. Hakuwa na taji, wala hakuwa na mimba. Balozi wa hisani kazi yake ni kubeba macho ya watu, kama mchukuzi abebavyo mzigo, akayatue mahali ambapo yasingefika yenyewe. Taji huongeza macho. Mimba huyaongeza maradufu, maana tumbo la mke wa mwana wa mfalme ni kama hati ya urithi na kila mtu anataka kuisoma. Taabu ni kwamba macho hayo, yakishafika, mara nyingi hukataa kutuliwa. Hubaki palepale tumboni.

Diana, mama yake Harry, alilipitia hilo zamani. Desemba 1981, Diana akiwa na mimba yake ya kwanza, Malkia Elizabeth aliwaita wahariri wa magazeti kasrini na kuwaomba wampumzishe mkwewe. Waliombwa sitara, tena na malkia mwenyewe. Miezi mitatu haikupita: Februari 1982 magazeti mawili ya London yakachapa picha zake akiwa ufukweni Bahamas kwa nguo za kuogelea, tumbo wazi, zilizopigwa kwa mbali na watu waliojificha.

Januari 1997 mwanamke huyohuyo, ndoa imekwisha, alivaa kinga ya kifuani na ya usoni akapita katikati ya uwanja wa mabomu ya ardhini huko Huambo, Angola. Safari hii kamera aliziita mwenyewe, na macho aliyoyabeba miaka yote akayatua chini, kwenye udongo unaokata watu miguu. Desemba mwaka huohuo mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo ulitiwa saini Ottawa. Si kwamba ni kazi ya Diana. Wanaharakati walikuwa wameihangaikia kwa miaka, na Februari 1997, mwezi mmoja baada ya Huambo, walikutana Maputo. Mkutano wa kwanza wa nchi wanachama nao ulifanyika Maputo, Mei 1999, na Septemba 2015 Msumbiji ikatangazwa kuwa imesafishwa mabomu yake yote yaliyojulikana. Lakini macho ya dunia yalisaidia, na asiyekiri hilo ana kinyongo tu.

Kabla ya hao wote, hata hivyo, yupo binti wa pwani hii hii.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mama yake Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 alikuwa mja mzito. Baba wa mtoto alikuwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe. Mwislamu na Mkristo, binti wa Sultani na mchuuzi, na ndoa hakuna. Sultani wa siku zile, Majid, alikuwa kaka yake. Mimba ile haikuwa yake peke yake tena. Ilikuwa heshima ya nyumba, dini ya mji, na hofu ya wazungu wote waliokuwa wakifanya biashara pale.

Agosti ya mwaka ule, usiku wa Siku ya Mwaka, wanawake wa mjini waliteremka pwani kuoga kama ilivyokuwa ada, naye akateremka na watumishi wake. Leso iliyolowa maji ya chumvi haifichi kitu, hugandia mwilini. Usiku ule sitara yake ilikuwa giza. Mashua ilikuwa ikimngoja, ikampeleka kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer, nayo ikang'oa nanga kuelekea Aden. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa mke wa kaimu konseli wa Uingereza, na mimi simlaumu bibi huyo hata kidogo. Alimwona mwanamke aliye hatarini, akafanya analolifanya yule bibi wa Quionga mwenye ndoo. Huko Aden Salme alijifungua mtoto wa kiume Desemba. Mei 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, na akaolewa.

Hadithi hii husimuliwa kama ya mapenzi. Mimi naiona ni hadithi ya deni. Heinrich alikufa Hamburg mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1875 kaka yake mwingine, Sultani Barghash, alipoitembelea London, Salme alikwenda huko akitaraji kumwona na kupatana naye. Anasimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake kwamba wakubwa wa Kiingereza walimzuia kwa ahadi ya kuwatunza wanawe, na ahadi ile haikutimizwa. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Wajerumani. Agosti 1885 manowari za Bismarck zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash na kulielekezea mizinga, na mara tu baada yake ikaingia meli Adler, ndani yake yumo Salme na wanawe. Yeye alikuja kudai urithi wake. Wao walikuja kudai bara. Barghash alipokubali madai ya Wajerumani juu ya bara, urithi wa Salme ukakosa mtetezi. Kaka yake hakumpokea. Alirudi Ujerumani bila kupatana naye.

Mwanamke aliyekimbizwa usiku kwa ajili ya tumbo lake alikuja kurudishwa mchana, miaka kumi na tisa baadaye, kama bendera juu ya mlingoti. Naye angeitwa balozi wa nani? Wa hisani ya nani?

Na hapa ndipo Quionga inapoingia, kwa mlango wa nyuma. Mwaka uliofuata, 1886, Waingereza na Wajerumani walikaa wakaupima ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar: kuanzia mto Minengani, penye ghuba ya Tungi, kupanda mpaka Kipini. Ghuba ya Tungi ndiyo ya Palma ya leo. Quionga, au Kionga kwa maandishi ya zamani, imo mle ndani, ncha ya mwisho ya kanzu ya Sultani upande wa kusini. Mwaka 1887 Wareno waliitwaa Tungi. Mwaka 1894 Wajerumani wakapandisha bendera Kionga, kusini ya Ruvuma. Aprili 1916, vita vikuu vikiendelea, Wareno wakaichukua, na mwaka 1919 mkataba wa Versailles ukawathibitishia. Bendera tatu katika robo karne na ushei. Watu wa pale, na Kimakwe chao, na Kiswahili chao, na Kimwani cha jirani zao wa kusini, hawakuulizwa hata mara moja.

Tuna methali isemayo mficha uchi hazai. Wenye kamera hupenda kuitumia, wakimwambia mwenye shida: funua, usaidiwe. Lakini methali haikusema uchi ufunuliwe kwa kila apitaye. Uzazi una chumba chake, na anayeingia chumba hicho ni mkunga. Salme aliwafunulia watu wachache, akavushwa. Alipokuja kuonyeshwa kwa manowari nzima, hakupata kitu.

Msumbiji haina malkia. Ina Graça Machel. Alikuwa waziri wa elimu tangu uhuru wa Juni 1975, akaolewa na Rais Samora Septemba ya mwaka ule, na mwaka 1976 alijifungua mtoto wa kike akiwa bado na wizara mikononi. Sijapata kumsikia mtu akisimulia tumbo lake. Husimulia shule, na husimulia ile ripoti aliyoipeleka Umoja wa Mataifa mwaka 1996 juu ya watoto katika vita. Pengine siku zile kamera zilikuwa chache. Pengine pia nchi ilikuwa na kazi nyingine. Vyovyote iwavyo, alipitishwa katika ujauzito wake kwa sitara ambayo Diana aliombewa na malkia akaikosa.

Sasa turudi kwa wasio na wizara wala kasri. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Watu walikimbia kila upande, wengine kwa mashua, wengine kwa miguu msituni kwa siku kadhaa kuelekea Quionga na mpakani. UNHCR ililalamika mwaka ule kwamba maelfu waliovuka Ruvuma kuomba hifadhi Tanzania walirudishwa, na hilo sisi wa upande wa kaskazini tusilipitie haraka. Mto ule ndugu zetu wameuvuka tangu babu na babu kwenda harusini na matangani. Katika Cabo Delgado nzima waliohama makazi walizidi laki saba. Katika umati wa namna hiyo wajawazito hawawi wachache. Wapo waliotembea miezi yao ikiwa imetimia.

Picha zao mnazijua. Mama ameketi chini, mgongo kwenye mti, kapulana moja tu na yenyewe imechanika, tumbo limeelekea kwenye kamera. Macho yake hayako kwenye kamera, yako pembeni, kama anamtafuta yule bibi wa ndoo aliyepotezana naye njiani. Chini ya picha pameandikwa nambari ya akaunti ya kuchangia. Sisemi picha ile haileti mchele. Huleta. Ila mke wa mwana wa mfalme ana msemaji, ana wakili, ana mama mkwe wa kuwaita wahariri. Huyu aliombewa na nani? Hata jina lake halimo, na kwa bahati hilo ndilo lililomsitiri kidogo.

Nina ombi kwa ninyi mnaokwenda Palma na Quionga na fulana za mashirika, na mabalozi wenu wa hisani, wenye mataji na wasio nayo. Mkimkuta mama mwenye hali nzito, msimsimamie juu ya kichwa. Kaeni chini, mumsalimie, mumpe maji, mumuulize ametoka kijiji gani na nani alikuwa amzalishe. Mleteeni mkunga, na turubai la kuzungushia. Mkitaka picha, muombeni kwa lugha anayoielewa, awepo na mtu wake. Na akisema hapana, zimeni kamera, mchele wake mpimieni vilevile.