Kizimba

Mtu wa Uriri mwenye kesi ya shamba hupanda matatu akashuka Migori au Rongo. Akifika langoni anavua kofia, anazima simu, anashusha sauti. Hajakosea lolote, lakini mabega yashalegea. Jengo lina haki gani ya kumfanyia mtu hivyo?

Waingereza walijua wanachojenga. Mahakama ya zamani ya Mombasa, ya mwaka 1902, iliwekwa karibu kabisa na Fort Jesus, ambayo kuanzia 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Mshtakiwa aliona mwisho wa safari kabla ya kuulizwa jina. Nairobi nako Herbert Baker, yuleyule aliyechora Union Buildings za Pretoria, akatuachia nguzo nzito za jengo ambalo leo ni Mahakama ya Juu.

Ni rahisi basi kusema turudi chini ya mti, wazee waketi, watu waongee. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inakubali njia hiyo. Lakini polepole. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake atamkuta nani pale mtini? Atawakuta shemeji haohao, na wazee waliokula nao jana. Kwake yeye, meza ile ya juu na hakimu mgeni asiyejua ukoo wa mtu ndiyo afueni. Siku hiyo shemeji naye anavua kofia. Kwa hiyo sitaki mahakama ifanane na sebule. Ukali wa jengo namkubalia, mradi umguse na mwenye nguvu.

Nisichoweza kutetea ni kizimba. Kiswahili hakikuficha kitu hapa: neno hilohilo ndilo la kibanda cha kufugia kuku. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, ila seremala kashatoa hukumu yake kwa mbao. Hakimu anamtazama mtu aliye ndani ya kitu, na sisi pia, eti bado hatujaamua.

Humuhumu kaunti ya Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Milango yake ni mifupi makusudi, adui aingie ameinama. Lakini mwenye boma naye alipita hapohapo, akiinama kila jioni. Mahakamani hakimu ana mlango wake nyuma, mrefu wa kumtosha, na akiingia sisi ndio tunaosimama.