Shahamu ya Nani?

Je, kumlisha mnyama ni kumtendea wema? Swali laonekana jepesi, kwa kuwa mfugaji alishaye vizuri husifiwa kila mahali. Lakini ipo lishe inayotulazimu kuuliza zaidi: chakula hicho, kikishaliwa, kinamfaa nani?

Atokaye Haltom City, mji uliopakana na Fort Worth, akashika njia ya kusini-magharibi, hufika Stephenville katika Kaunti ya Erath, eneo lenye sifa ya siku nyingi kwa ng'ombe wa maziwa. Texas ndilo jimbo linaloongoza kwa pamba nchini Marekani, na mbegu nzima za pamba, zenye mafuta yapatayo asilimia 20, ni chakula cha kawaida cha ng'ombe wa huko.

Sababu yajulikana. Ng'ombe wa Holstein aliyezaa karibuni aweza kutoa lita 40 kwa siku, ilhali hamu yake ya kula hupanda polepole kuliko maziwa yake. Kwa wiki kadhaa huishi kwa kuyeyusha shahamu ya mwili wake mwenyewe. Mafuta, yenye nishati zaidi ya mara mbili ya wanga, huongezwa ili kuziba pengo hilo. Hata hivyo, tumbo la kucheua lina mipaka: mafuta yakizidi asilimia 6 au 7 ya chakula kikavu, huweza kuwadhuru bakteria wanaomeng'enya majani. Ndiyo maana mafuta ya mawese hufungwa kwa kalsiamu, njia iliyoendelezwa na Donald Palmquist huko Ohio katika miaka ya 1980, ili yapite humo bila kudhuru na kufunguka mbele ya safari.

Basi tumemfaa ng'ombe? Inategemea ni mafuta gani. Utafiti wa miaka ya karibuni waonyesha kwamba asidi ya palmitiki, iliyo tele katika mawese, huelekea zaidi kwenye maziwa. Ikitolewa mapema baada ya kuzaa, huweza kuongeza mafuta ya maziwa huku ikimkondesha ng'ombe zaidi. Asidi ya oleiki huelekea zaidi kurudisha unono wa mwili. Na mfugaji hulipwa, pamoja na mengine, kwa kipimo cha mafuta yaliyomo katika maziwa yake. Jina ni moja, lishe ya kumwongezea nguvu. Lakini moja humlipa ng'ombe, nyingine humkopa tena.

Mtetezi atasema: bila mafuta angekonda vilevile. Ni kweli, lakini pengo lile si la maumbile matupu. Tulilichimba sisi kwa vizazi vya kuchagua mbegu. Aliyechimba shimo hasifiwi kwa kushusha ngazi, ingawa ana wajibu wa kuishusha. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki humwachia ndama sehemu ya maziwa: mpaka huwekwa kabla ya kukamua. Zizi la kisasa limeuondoa mpaka huo, na mkulima mwenye madeni ya benki hawezi kuurejesha peke yake.

Hata hivyo hakosi mizani. Kipo kipimo cha unono, cha 1 hadi 5, kisomwacho kwa jicho na kwa kiganja mgongoni na nyongani. Wema wa lishe hii usomwe hapo kwanza, kabla ya kusomwa katika tangi la maziwa.