Umeionaje Nyumba?

Kila nyumba inapokabidhiwa hapa Lobule, swali ni lile lile. Kijana wa shirika anafika na simu na fomu, anapiga picha mlango, anapiga picha mwenye mlango, halafu anauliza: "Mmeionaje nyumba?" Jibu nalo ni lile lile. "Nzuri sana. Tunashukuru." Nimesimama hapo kati mara nyingi nikitafsiri, Kikakwa kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, na jibu lingine sijalisikia bado. Sisemi kwamba watu wanadanganya. Hawadanganyi hata kidogo. Ninachouliza ni kama furaha ya siku ya kwanza inaweza kuitwa shahidi, na kama ni shahidi, basi inashuhudia nini.

Kwanza tukumbushane hema ni nini, maana wasomaji wetu wengine wanalala Koboko mjini au Arua, na wengine kati yetu wamekwisha kulisahau. Turubali la UNHCR ni mita 4 kwa 5. Ukilitandika juu ya fito unapata kivuli, lakini kivuli chenye joto. Saa sita mchana wa Januari hakuna mtu anayekaa ndani. Hata kuku anatoka. Ndani ya hema mtu mzima hasimami wima isipokuwa katikati, kwa hiyo kila siku unajifunza kuinama, na baada ya miezi unakuta unainama hata nje, hata mbele ya mwenyekiti wa bloku. Sauti haina ukuta. Jirani akikohoa, unamwambia pole bila kunyanyuka. Mume na mke wakigombana wanagombana kwa kunong'ona, na kunong'ona kuna hasira yake, mbaya kuliko kelele. Halafu hakuna pa kupiga msumari. Mambo yako yote yako chini au ndani ya mfuko. Picha, shati la kanisa, karatasi za watoto za shule, vyote vinalala chini pamoja na wewe.

Sasa mtu ametoka huko. Anaingia katika nyumba ya matofali ya udongo, bati juu, mlango mmoja, madirisha mawili madogo. Hizi ndizo nyumba mashirika yanazojengea wale walioandikwa PSN: wazee, wajane, walemavu, watoto wasio na mzazi. Wengine wote tunajenga wenyewe kwa nguvu zetu. Koko wetu, mama wa mama ya mke wangu, alikuwa kwenye orodha, na kwa hiyo na sisi tukaingia nyuma yake. Nitasema tulichoona siku ya kwanza kwa mpangilio uliotujia, siyo kwa umuhimu wake.

Tuliona ukimya. Mlango ulipofungwa, sauti za nje zilishuka kama mtu amefunika sufuria. Mtoto wa mwisho alilia, hakuwahi kusikia kimya. Kisha tuliona ukuta, siyo kwa macho, kwa mgongo: kila mtu alikwenda kuegemea. Huwezi kuegemea hema. Halafu mlango wenyewe. Watoto waliufungua na kuufunga mpaka tukawafukuza, na walipoondoka nikamwona shemeji yangu, mtu wa miaka arobaini, anaufungua na kuufunga. Usiku koko akasema, "Leo niko na mahali pa kugonga." Alikuwa na maana kwamba mtu akimtaka, sasa lazima agonge, aulize hodi, angoje. Kwenye hema mtu anasema hodi huku ameshaingiza kichwa.

Basi, "Nzuri sana." Ni kweli tupu. Nani angesema vingine?

Lakini tazama kipimo. Nyumba hiyo tuliipima kwa hema. Hatukuipima kwa nyumba tuliyoacha Ituri, yenye vyumba vinne na jiko lake pembeni na mti wa parachichi. Wala hatukuipima kwa mahitaji ya watu saba. Wataalamu wa misaada wana kipimo chao, mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, kama mikeka miwili hivi ikiwekwa pamoja. Sisi hatukuhesabu mikeka. Hema ndilo lilihesabu kwa niaba yetu. Mtu aliyetoka kwenye hema ni kama mtu aliyetoka kwenye jua kali: kivuli chochote anakiita baridi.

Amartya Sen, mtu wa Bengali huko India aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, ameandika sana juu ya jambo hili. Moja ya mifano yake ni utafiti uliofanywa mwaka 1944 huko Singur, karibu na Calcutta, mwaka mmoja baada ya njaa kubwa ya Bengali. Wagane na wajane waliulizwa kuhusu afya yao. Karibu nusu ya wagane walisema ni wagonjwa au hawako vizuri. Wajane waliosema hivyo walikuwa wachache mno. Na kila mtu aliyejua India ya wakati ule alijua wajane ndio waliokuwa na hali mbaya. Kwa nini hawakulalamika? Walikuwa wamezoea kutotarajia. Sen anasema mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutamani kidogo, kile tu kinachowezekana, na kwa hiyo ukimwuliza kama ameridhika, jibu lake linapima mazoea yake kuliko maisha yake.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, alisoma mawazo hayo akayachukua mpaka mwisho wa barabara. Akasema furaha yetu ya mlango ni furaha ya mbuzi aliyeongezewa kamba. Kwamba tukishangilia tunawasaidia watu kutufunga. Hapo mimi namwacha. Koko hakushangilia kamba. Alishangilia kugongewa mlango, na kugongewa mlango ni kitu hata tajiri wa Kampala anakitaka. Furaha yake ilikuwa na sababu nzuri, na kuiita ujinga ni kumdharau mara ya pili. Sen mwenyewe, ninavyomwelewa, hasemi furaha ya maskini ni ya uongo. Anasema haitoshi kuwa kipimo peke yake. Kati ya maneno hayo mawili kuna mto mpana, na mwalimu wangu aliuruka.

Kwa hiyo shahidi wa siku ya kwanza ni mkweli, ila ameona kitu kimoja tu: tofauti. Anajua vizuri kabisa jana ilikuwaje. Juu ya kesho hajui chochote.

Marekani walijifunza hivyo kwa gharama. Kule kuna nyumba ndogo zenye magurudumu, zinazokokotwa na gari, ambazo familia huzinunua kwa kutembea wakati wa likizo: kitanda, jiko, choo, vyote ndani ya boksi moja. Ati wanaacha nyumba nzuri kwa hiari wakalale porini. (Hiari ndiyo siri yote hapo, hema la hiari na hema la kukimbia havifanani hata vikishonwa kwa kitambaa kimoja.) Kimbunga Katrina kilipoharibu New Orleans na pwani yake mwezi wa Agosti 2005, serikali ilinunua nyumba hizo kwa wingi na kuwapa waliopoteza makazi, zaidi ya familia laki moja. Watu waliokuwa wamelala katika uwanja wa michezo na kwenye magari walipewa funguo. Nadhani unajua walijibu nini siku ya kwanza. Miezi ikapita. Macho yakaanza kuwasha, watoto wakakohoa. Mbao za ndani zilikuwa zimegandishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi, na ndani ya boksi lililofungwa, kwenye joto la kusini, ile hewa ilikuwa inatoka polepole. Vipimo vya taasisi ya afya ya nchi vilitangazwa mwaka 2008, karibu miaka miwili na nusu baada ya kimbunga. Nyumba iliyotengenezwa kwa wiki mbili za likizo ilikuwa imekaliwa kwa miaka.

Kama kuna fomu zilizojazwa siku ya kukabidhi funguo, nina hakika zilijaa shukrani.

Sasa nije kwenye shahidi mwingine, ambaye mimi namwamini zaidi: mikono. Huko Jordan, kambi ya Zaatari ya Wasyria ilifunguliwa mwezi wa Julai 2012 kwa mahema. Baadaye nchi za Ghuba na wafadhili wengine wakaleta nyumba za bati zilizounganishwa tayari, ambazo wenyewe wanaziita karavani, na familia zikahama hemani kidogo kidogo. Karavani zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, kama vile zetu zinavyopangwa, maana mstari ni rahisi kuhesabu na gari la maji linapita. Watu walishukuru. Halafu usiku wakaanza kuzihamisha. Mafundi walichukua vyuma vya uzio, wakavifunga magurudumu, wakaweka karavani juu na kuisukuma mpaka kwa ndugu. Tatu au nne zikageuziwa nyuso, katikati pakapatikana ua, katika ua mtu akaweka chemchemi ndogo ya maji kama nyumba za Damasko. Hakuna aliyeandika kwenye fomu, "Nyumba nzuri, ila mlango unatazama upande usio na watu." Waliandika kwa mikono.

Na sisi? Nyumba za safu yetu zote zinatazama barabara. Mlango wa koko ulimpa magari ya mashirika na boda za Koboko, ukamnyima jirani zake, maana jirani wote wako nyuma. Kwenye hema alikuwa anafunua upande wowote anaotaka. Wiki ya tatu akaanza kutoa kiti chake, kuzunguka nyumba, na kukaa nyuma kwenye jua. Mwezi wa pili shemeji yule yule wa kufungua na kufunga akachukua panga na jembe, akatoboa mlango wa pili kwenye ukuta wa nyuma, akatundika turubali la zamani kuwa pazia. Kwa hiyo hema limerudi, lakini limerudi kama mlango wa rafiki, na mlango wa mbao unabaki kwa wageni. Mkaguzi wa shirika moja alipokuja alikasirika, akauliza nani ametoa ruhusa ya kuharibu ukuta. Namwelewa, ukuta ule uko kwenye ripoti yake. Lakini kama angekuwa anatafuta jibu la swali lililoulizwa siku ya kwanza, lilikuwa mbele yake, upana wa mabega ya mtu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi moja, dogo. Rudini kuuliza. Msiulize siku ya picha tu. Njoni mwezi wa Agosti mvua ikipiga, njoni saa nane mchana Februari, mkae ndani ya nyumba dakika ishirini bila fomu. Na msiulize "mmeionaje", maana adabu yetu itawajibu kabla yetu. Mgeni hasemi chakula kina chumvi. Ulizeni: mmebadilisha nini? Mngebadilisha nini kama ukuta ungekuwa wenu?

Hilo la mwisho ni zito hapa West Nile. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa nafasi ambayo wakimbizi wa nchi nyingi hawana: kutembea, kufanya kazi, kulima kiwanja tulichopewa. Lakini ardhi yenyewe ni ya koo za wenyeji. Sisi tunaitumia. Wengine wetu wanasema kwa hiyo ni aibu kujenga vizuri, kana kwamba unapanda mbegu shambani kwa mtu, na wengine wanasema kila tofali ni kusahau Congo. Mama mkwe wangu hataki hata kuita nyumba hii "nyumbani". Anasema "pa kulala". Watoto wanasema "nyumbani" bila kufikiri. Wote wanalala chumba kimoja.

Mtu aliyetengeneza milango ya safu yetu ni mzee seremala wa kutoka Logiri, upande wa Vurra. Alikuwa kijana Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita ilipofika West Nile watu wa kwao walivuka kwenda Zaire, karibu na pale pale sisi tunapotoka. Alikaa huko miaka. Nilimwuliza, kwa heshima, "Baba, mlipokuwa kwetu, mlijenga?" Akacheka. Alisema mwaka wa kwanza walilala chini ya nyasi kwa sababu kila mtu alikuwa anarudi mwezi ujao. Mwaka wa pili mke wake akakataa kuzaa chini ya nyasi. Basi akajenga, akaupenda mlango wake kuliko vyote, mbao za mvule, kazi yake ya kwanza nzuri. Walipofungasha kurudi Uganda, nyumba aliachia wenyeji waliompa kiwanja. Mlango aliung'oa, akaufunga juu ya baiskeli, akausukuma mpaka Logiri.

"Uko wapi sasa?"

"Kwa mbuzi," akasema, huku anapima fremu ya koko kwa kamba. Nyumba aliyojenga aliporudi ilikuwa na nafasi kubwa zaidi, ule mlango wa Zaire haukutosha. Lakini bado unafunga vizuri.