Upepo Haukuhalalisha Mali ya Mtu

Alhamdulillahi Rabbil-alamina. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuutuma upepo ukawa rehema kwa jahazi na mvua kwa shamba, na mwenye kuutuma huohuo ukawa mtihani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake. Ndugu zangu waumini, kina baba na kina mama, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kabla yenu tumche Mwenyezi Mungu, kwa kuwa umri ni mfupi, hisabu ni ndefu, na hakuna katika sisi aliyepewa ahadi ya kuiona Ijumaa ijayo.

Leo nataka tuwakumbuke ndugu zetu wa Maore na wa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 2024, kimbunga kilichopewa jina la Chido kilikipiga kisiwa cha Maore kwa dharuba zilizozidi kilomita 220 kwa saa, na kwa muda wa miaka 90 kisiwa kile hakikuwa kimeona mfano wake. Kawéni, ule mtaa wa vibanda vya mabati vilivyopandana mlimani pembezoni mwa Mamoudzou, ulilazwa chini kwa asubuhi moja. Hospitali kuu iliingia maji, na mnara wa kuongozea ndege ukaharibika. Kesho yake Jumapili kimbunga kilekile kikavuka bahari na kutua Mecúfi, kusini ya mji wa Pemba ya Msumbiji, kwa wavuvi na wakulima wenye nyumba za mianzi na udongo. Na Msumbiji peke yake ikazika watu wapatao 120. Mkoa ule ulikuwa umekwisha kuonja kimbunga Kenneth mwezi Aprili 2019, na tangu 2017 umo katika vita vinavyowahamisha watu kijiji baada ya kijiji. Fikirini, ndugu zangu, mtu aliyekimbia risasi akajenga kibanda, kisha kibanda kikachukuliwa na upepo.

Waliokufa tunawaombea maghufira, na Mtume wetu ametubashiria kuwa aliyekufa maji na aliyeangukiwa na ukuta wana daraja ya shahidi. Hao wamekwisha kukutana na Mola wao, na mtihani wao umekwisha. Mwenye mtihani ni aliyebaki.

Upepo ulipotulia, watu wa Maore hawakukaa kitako. Katika siku chache tu nyundo zilikuwa zikisikika tena mlimani, watu wakiokota mabati yaliyokunjika, wakiyanyoosha juu ya mawe na kuyapigilia upya kwenye miti. Na hapa, waja wa Mungu, ndipo penye jambo linalonikosesha usingizi. Bati lililookotwa ni la nani? Bati lina alama zake, na mwenyewe hulijua kwa matundu ya misumari, kwa lami aliyozibia palipovuja, kwa kona aliyoikata ili lipite kwenye nguzo. Limeruka kutoka paa la mjane likaangukia ua wa mtu mwenye watoto watano waliorowa, na baridi ya usiku inaingia. Nafsi itamwambia: hili ni riziki, Mungu amelileta. Nafsi hiyo imwambie pia kwamba upepo haukuhalalisha mali ya mtu.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, karne nyingi kabla yetu, walipofafanua amana walitoa mfano wa nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia nyumba ya mtu mwingine. Wakasema nguo ile ni amana mikononi mwake, ingawa hakuna aliyemkabidhi, na inampasa airudishe au amjulishe mwenyewe bila ya kuchelewa. Akikaa kimya na hali anamjua, amekuwa mdhamini wake. Subhanallah! Walijua kwamba siku itakuja ambapo paa zima litapeperuka, na mja atatafuta udhuru. Kimbunga kinang'oa mlingoti, kinang'oa mnazi, kinang'oa msikiti. Haki ya mtu hakiing'oi.

Wala msidhani kuwa hukumu hii ni ya maskini na bati lake tu. Mfanyabiashara aliyefungia mifuko ya saruji na misumari ghalani, akiwaona jirani zake wanalala juani, akangoja bei ipande mara mbili, huyo naye ameokota mali ya watu kwa upepo, na ihtikari aifanyayo Mtume ameihesabu kuwa ni dhambi. Kiongozi wa mtaa aliyekabidhiwa orodha ya msaada, akawatanguliza shemeji zake na kumsahau mzee asiyesikia, ambaye hakulisikia tangazo, huyo naye. Mjumbe aliyepokea maturubai kumi akaandika manane, huyo naye. Kila mmoja atakuja siku ya Kiyama na alichokighilibu kiko shingoni mwake, na lililo jepesi duniani litakuwa zito mbele ya Mola wetu.

Lipo pia la wageni, nalo nalisema kwa uchungu. Maore imejaa watu waliovuka kutoka kisiwa cha Nzwani kwa vyombo vidogo, ndugu wa damu na wa kibla wa wenyeji, wengi hawana karatasi za ukaazi. Tahadhari ya kimbunga ilipotolewa, wako walioogopa kwenda kwenye majengo ya kujihifadhi wasije wakakamatwa, wakabaki ndani ya mabati yao. Na baada ya kimbunga, Januari 2025, ikatoka amri ya serikali kwamba anayenunua bati aonyeshe kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Mimi si mtunga sheria, na watawala wana hisabu yao mbele ya Mungu. Lakini muumini mwenye paa ajue kuwa Munkar na Nakir hawatamuuliza jirani yake alikuwa na kibali gani, watamuuliza yeye. Haki ya jirani haikupeperuka pamoja na karatasi ambazo jirani hakuwa nazo.

Historia yetu wenyewe inatosha kutuzindua. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili katika enzi, alipoteza merikebu zake bandarini, na mikarafuu ya kisiwa ikaangamia kwa sehemu kubwa, hata ikawa Pemba ndiyo ya kutegemewa kwa karafuu. Mwenye merikebu na mwenye mtumbwi, mwenye jumba na mwenye banda la makuti, wote siku ile waliinua macho kwenye mbingu moja. Leo hakuna hata mmoja wao aliye hai. Majumba waliyoyajenga upya wameyaacha kwa wengine, na kilichofuatana nao kaburini ni jinsi walivyoyajenga, kwa halali au kwa haramu.

Na bahari hii ni moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na mwambao wa Kilwa na Lindi, barabara zikakatika, na tulimshukuru Mungu kwamba kilidhoofika kilipokaribia nchi kavu. Shukrani ya ulimi ni nyepesi. Shukrani ya aliyenusurika ni kumtazama asiyenusurika, kwani paa lako lililobaki ni neema, na kila neema ina suali lake: ulimhifadhi nani chini yake? Ramadhani ya 1446, mwanzoni mwa Machi 2025, iliwakuta wengi wa ndugu zetu bado wanafuturu chini ya maturubai, baada ya kimbunga Dikeledi kuwaletea mvua nyingine mwezi Januari. Hata pale, mwenye kidogo anakigawa. Sisi wenye kingi tutajibu nini?

Kwa hiyo nawaombeni, ndugu zangu. Mwenye jamaa Maore, Ngazidja, Nzwani au Pemba ya Msumbiji ampigie simu leo, asitosheke na kumpa pole, amuulize nyumba imefikia wapi na amtumie anachoweza. Aliye na kitu cha mwenzake, kiwe kimemfikia kwa upepo, kwa mafuriko au kwa kalamu ya orodha, isimkute Magharibi hajamjulisha mwenyewe, maana pengine Isha haitamkuta. Na hapa mtaani kwetu wako wajane ambao mapaa yao yanavuja tangu masika yaliyopita. Hao hawangoji kimbunga chenye jina ndipo tuwaone. Mafundi seremala, na nyinyi wenye magari ya mizigo, tuonane mlangoni mara tu baada ya sala, tuanze kwao.