Mwenye pa kujificha hutoka

 

Mnamjua gogogo, samaki mwenye sharubu, yule anayelia akishikwa. Hukaa chini. Mchana hujificha, usiku hutoka. Mtie katika tangi la kioo lililo tupu, atajibana pembeni, hali chakula. Usimchokoe. Usimmulike. Mwekee mawe yenye pango, mwekee gogo, punguza mwanga. Juu yake waogelee samaki wapole. Akiwaona wametulia, naye hutulia. Nami hustaajabu: akiwa na pa kukimbilia, hutoka. Akikosa, hatoki.

Leo kazini, sokoni, darasani, yupo anayekaa kimya nyuma kama gogogo huyo. Kabla ya kumwambia mbele ya wote, “Sema!”, mketi wawili tu. Mwulize polepole. Mngoje.