Kutabiri na Kujua Sababu: Protini, Kompyuta na Hoja ya al-Ghazali

Protini ni mnyororo wa asidi za amino uliojikunja, na kazi yake mwilini hutegemea sana umbo inalolipata ikijikunja. Mpangilio wa asidi hizo umeandikwa katika vinasaba, lakini umbo lenyewe halikuandikwa popote. Christian Anfinsen, mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba kimeng'enya kilichokunjuliwa kwa kemikali hadi kikaacha kufanya kazi hujikunja tena chenyewe kemikali hizo zikiondolewa. Umbo, basi, limefichama ndani ya mpangilio. Cyrus Levinthal alipiga hesabu mwaka 1969 akaona kwamba protini ikijaribu namna zote za kujikunja, moja baada ya nyingine, muda wake utazidi umri wa ulimwengu. Ilhali ndani ya seli protini nyingi humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache au kwa muda mfupi zaidi. Ni lazima kuwe na njia ya mkato, na kwa nusu karne wanasayansi waliuliza njia hiyo ni ipi.

Mafanikio yaliyotangazwa mwishoni mwa 2020 yalijibu swali jingine. Tangu 1994 huwapo shindano la kila miaka miwili, CASP, ambamo washindani hukisia maumbo ya protini yaliyokwisha kupimwa maabara lakini hayajatangazwa. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold 2 ya kampuni ya DeepMind ilikisia protini nyingi kwa usahihi unaokaribia ule wa vipimo vya maabara. Kufikia 2022 hifadhidata yake ilikuwa na maumbo zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind walipewa Nobeli ya Kemia pamoja na David Baker. Programu hiyo husema protini itafikia umbo gani. Namna inavyopita hatua kwa hatua hadi kulifikia, haisemi.

Swali la kifalsafa linaanzia hapo: anayetabiri bila kukosea, lakini hana maelezo ya kwa nini, je, anajua?

Inafaa kutazama programu yenyewe inajifunza nini. Hupewa mpangilio wa protini moja pamoja na mipangilio ya jamaa zake kutoka kwa viumbe wengi. Mahali pawili katika mnyororo panapobadilika pamoja kutoka kiumbe hadi kiumbe, yaani hapa pakibadilika na kule hubadilika, mara nyingi hugusana katika umbo lililokunjwa, kwa sababu badiliko la upande mmoja lisipofidiwa na upande wa pili protini huharibika na kiumbe hupungukiwa. Programu iliona uhusiano wa namna hiyo katika maumbo yapatayo 170,000 yaliyopimwa kwa miongo mingi, tena kwa jasho la watu wengi, ikajifunza kuutambua. Ilichokusanya ni kumbukumbu ya vitu vinavyoandamana.

Kuandamana kwa vitu ndiko alikokuhoji mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali katika mjadala wa 17 wa *Tahafut al-Falasifa*, mwishoni mwa karne ya 11. Pamba ikigusana na moto huungua. Lakini macho, alisema, huona kuungua pamoja na mguso, hayaoni kuungua kwa sababu ya mguso. Uhusiano wa lazima haumo katika kinachoonekana. Kwake, anayeendesha mambo ni Mungu, na utaratibu tunaouzoea ni desturi aliyoiweka. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu katika karne iliyofuata kwa kitabu kizima, *Tahafut al-Tahafut*: anayekana sababu ameikana akili, kwa kuwa kukijua kitu ni kuzijua sababu zake.

Kwa mizani ya Ibn Rushd, AlphaFold haijui kitu. Hukumu hiyo ni kali mno. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki walihesabu siku za bamvua na za maji mafu kwa kuutazama mwezi, karne nyingi kabla Newton hajaeleza mwaka 1687 jinsi mwezi unavyoyavuta maji, na kuwaita wajinga wa bahari kungekuwa kichekesho. Walikuwa na elimu ya kweli. Ila mpaka wake ni huu: huongoza pale tu ambapo hali hazijabadilika kutoka zile zilizoizaa.

Ugonjwa wa selimundu unauonyesha mpaka huo vizuri. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake waliuita ugonjwa wa molekuli, na mwaka 1957 Vernon Ingram akaonyesha kwamba himoglobini (protini ya damu) ya mgonjwa inatofautiana na ya mtu mwenye afya kwa kiungo kimoja cha mnyororo. Herufi moja ya kinasaba, A, imekuwa T, na katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki, inayopenda maji, imepisha valini, inayoyakwepa. Molekuli moja ya himoglobini hiyo, ikitazamwa peke yake, ina umbo karibu lilelile la kawaida. Programu ya kukisia maumbo haina kasoro kubwa ya kuonyesha, na haijakosea. Kasoro huibuka oksijeni inapopungua: valini ya molekuli moja hunasa katika kijibonde cha jirani yake, molekuli huungana kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu hupinda kama mundu. Anayeutafuta ugonjwa huo ndani ya molekuli moja hataupata, kwa kuwa umo baina ya molekuli na molekuli.

Tena haukomei ndani ya damu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba wenye nakala moja tu ya kinasaba hicho hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Alikuwa ameona kwamba kinasaba hicho kimeenea kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, kuliko na mbu wengi, na ni adimu nyanda za juu. Herufi ileile ni kinga kwa mzazi na ni mateso kwa mtoto aliyerithi nakala mbili. Mwaka 2023 programu nyingine ya DeepMind, AlphaMissense, ilitoa makadirio ya mabadiliko milioni 71 yanayowezekana katika protini za binadamu, mengi yakitajwa kuwa ama yaelekea kudhuru ama yaelekea kutodhuru. Orodha hiyo inawafaa sana madaktari wanaotafuta chanzo cha maradhi adimu. Lakini neno kudhuru linadai kuulizwa: kumdhuru nani, mwenye nakala ngapi, anayeishi wapi? Majibu hayo hayamo katika mnyororo wa asidi.

Mabishano ya al-Ghazali na Ibn Rushd yalipata tukio la kuyapima katika ugonjwa huohuo. Mwaka 2007 na 2008 uchambuzi wa takwimu za vinasaba vya watu wengi ulionyesha kwamba tofauti fulani karibu na kinasaba BCL11A huandamana na kuendelea kuwapo ukubwani kwa himoglobini ya kitoto, ile ya mtoto aliye tumboni. Huko kulikuwa kuandamana tu. Mwaka huohuo wa 2008 majaribio ya maabara yalionyesha kwamba BCL11A ndiyo huizima himoglobini hiyo. Watafiti wakaingilia kati, wakaizuia BCL11A, na himoglobini ya kitoto ikapanda. Kompyuta ilionyesha pa kuchimba, sababu ikajulikana kwa kutia mkono. Al-Ghazali angeweza kujibu kwamba hata hapo kilichoonekana ni kuandamana kwa pili, na kimantiki hakuna wa kumtoa katika hoja hiyo. Tofauti ni kwamba kuandamana huku hutokea kwa amri ya mjaribu, wakati autakao.

Tiba iliyotokana na ugunduzi huo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023. Huhariri seli za mgonjwa zinazozalisha damu ili BCL11A ipungue nguvu humo na himoglobini ya kitoto irudi, na himoglobini hiyo huzuia nyuzi zisiundike. Herufi iliyobadilika haiguswi. Inabaki ndani ya seli zilezile, na mgonjwa aliyetibiwa bado atamrithisha mwanawe.