Deni la Damu

Panda ya manati, ile ambayo watoto wa Ibadakuli huwindia ndege, ndiyo picha nyepesi ya kingamwili. Ni minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi, iliyofungamana ikawa na mpini mmoja na mikono miwili. Ncha za mikono zimeumbwa kushika kitu kimoja tu. Kingamwili ya homa ya ini aina ya B hushika protini iliyo juu ya ganda la kirusi, kisipate kuingia katika seli za ini. Kikishaingia humo, haiwezi kukifuata.

Linalonishughulisha ni jinsi tulivyopata kuyajua haya. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Baruch Blumberg alikuwa akilinganisha damu za watu wa mataifa mbalimbali. Katika damu ya mgonjwa wa himofilia wa New York, aliyekwisha kuongezewa damu za wengine mara nyingi, aliona kingamwili iliyoshikana na kitu kilichokuwamo katika damu ya Mwaborijini wa Australia. Taarifa ilichapishwa mwaka 1965. Baadaye ikabainika kuwa kitu kile ni protini ya ganda la kirusi. Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Wale wawili husimuliwa kwa ugonjwa wa mmoja na asili ya mwingine, basi.

Je, tuna deni kwao? Asemaye hatuna anayo hoja: mwili wa yule mgonjwa ulikuwa ukijihami wenyewe, haukukusudia kumpa mtu kitu, na pasipo kusudi hakuna zawadi. Hoja imenyooka, lakini kwetu Usukumani haifiki mbali. Mwenye ngitili huhifadhi majani kwa ajili ya ng'ombe wake mwenyewe, wayapate wakati wa kiangazi. Hata hivyo jirani aliyechuma humo dawa ya mtoto hawezi kumpita njiani kama asiyemjua.

Basi deni lipo. Linalipwa kwa nani? Chanjo ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitengenezwa kwa damu ya watu waliobeba kirusi hiki. (Siku hizi protini ile hutengenezwa kwa seli za hamira.) Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, na mama wa Ibadakuli humpeleka mwanawe kliniki akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Mama huyo huyo, akisikia kwamba shemeji yake amepimwa akakutwa na kirusi, humtengea kikombe na sahani. Kirusi hiki hakiambukizwi kwa chakula wala kikombe. Hupita katika damu, kujamiiana, wembe wa kuchanjia chale, na kwa mama wakati wa kujifungua. Na kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakizaliwa, 9 hivi hubaki nacho. Pengine shemeji huyo alikipata kabla hajajua kusema.

Kinga aliyonayo mtoto yule ilianzia katika damu ya watu wa hali kama ya shemeji huyu. Sijasikia bado hoja ya kumtengea kikombe inayolijibu jambo hilo.